Mzee wa Kisanduku cha Nne

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asije akanitarajia ushujaa huko mbele. Mama yangu, mwanamke wa Simbo aliyelima mihogo maisha yake yote na kuogopa kila kitu isipokuwa jembe, alitulea kwa methali moja: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Niliishika methali hiyo, na kwa miaka mingi ilinifaa. Ilinitupa mara moja tu, na ni hiyo mara moja ninayotaka kuisimulia.

Nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Mwanga, mjini Kigoma, nyuma ya duka la vitenge, nilichokiita studio. Ndani mlikuwa na kompyuta, televisheni ndogo juu ya kigoda, deki mbili za DVD, na kamera inayotumia kanda ndogo za kiganjani. Nilipiga video za harusi, kipaimara na mahafali, nikazihariri, nikazichoma kwenye DVD na kuwapa watu wakatazame. Mjini waliniita mama video, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyokiri.

Mkoa wetu wakati huo ulikuwa umejaa wakimbizi. Wengi waliishi makambini, juu huko upande wa Kasulu na Kibondo, wengine wametoka Burundi na wengine wamevuka ziwa kutoka Kongo. Hawakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na mjini msako ulikuwa haukauki. Gari la uhamiaji likipita karibu na soko, ungewaona watu wamekumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali pengine. Hata sisi wenyeji hatukuwa na raha. Kiha chetu na Kirundi ni chanda na pete, na afisa aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali hakuweza kututofautisha kwa masikio. Siku moja nilisimamishwa stendi nikaulizwa nimezaliwa wapi. Nilizaliwa Simbo, baba na babu pia. Lakini niliulizwa kwa namna ambayo mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeanza kuwa na mashaka.

Kazini angalau nilijua ninachoogopa. Sauti ikichelewa, padri anasema amina wakati midomo yake imefunga zamani. Hapo unarudi mwanzo wa kipande na kuikata sauti upya. Picha ikivutwa upana, bibi harusi mwembamba anatoka na mashavu ya mpiga tarumbeta, na mama yake anakuja kukugombeza wewe, hamgombezi aliyepanga vipimo vya televisheni yake. Umeme wa Kigoma ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kupika picha, yaani kuziunganisha ziwe filamu, kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Na ukichoma DVD kwa haraka kwenye diski za bei ya chini, zinacheza vizuri kwako lakini zikifika kwenye deki za watu zinakwama, na sijui kwa nini hukwama palepale kwenye keki. Dawa yake ni kuchoma kwa mwendo mdogo kabisa na kuwa na subira. Nilikuwa na subira. Waoga wengi tunayo.

Harusi yenyewe ilikuwa ya binti wa Ujiji na karani wa bandarini. Binti alilelewa na mama yake mdogo, mwanamke wa Kirundi aliyeolewa Ujiji miaka mingi kabla ya vita, akawa mwenyeji kabisa, akiuza samaki wa migebuka sokoni na kutukana kwa Kiswahili safi. Watu wote walijua kwamba binti ni yatima. Ukumbini, mume wa mama mdogo ndiye aliyesimama MC alipomwita baba wa bibi harusi, na watu wakampigia makofi.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa jirani wa bwana harusi, afisa uhamiaji. Kwetu kamati ni kamati: mtu akiwa jirani yako na ana sauti ya kuendesha kikao, anakuwa mwenyekiti, hata kama kazi yake ni kuwakamata wajomba zako. Naye aliifanya vizuri. Alihakikisha pilau inatosha, spika zinalia, na mgeni rasmi ana kiti chenye mto.

Wakati wa keki umeme ulikatika. Mwenyekiti alitoka nje kugombana na jenereta, na sisi tukabaki ukumbini na mwanga wa mchana uliopita madirishani. Mimi niliendelea kurekodi kwa sababu kamera ilikuwa na betri. Bibi harusi alishika sahani ya keki, akawalisha wakwe, akawalisha mama mdogo na mumewe. Halafu badala ya kurudi kwenye kiti chake, akapita katikati ya meza zote na gauni lake likiburuta, mpaka meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni, walipokaa wapishi na wabeba maji. Pale palikuwa na mzee mmoja mwenye koti lililompwaya mabegani. Bibi harusi akapiga magoti mbele yake juu ya sakafu, akamlisha keki kwa mkono wake.

Mzee alifumbua mdomo. Alitafuna polepole huku machozi yakimtoka, akameza, akaweka kiganja juu ya shela la binti. MC aliishiwa maneno, jambo ambalo sijaliona tena. Mimi nilivuta picha karibu kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu ilikuwa picha nzuri kuliko zote za siku ile. Kisha jenereta likanguruma, taa zikawaka, mwenyekiti akaingia akipangusa mikono, na mzee hakuwepo tena pale mezani.

Siku ya tatu asubuhi mama mdogo alikuja studio. Alifunga mlango nyuma yake, nami nikaanza kuogopa kabla hajasema neno.

“Dada,” alisema, “yule mzee uliyempiga picha pale jikoni.”

“Nimemwona. Ni nani?”

“Ni shemeji yangu. Baba wa mtoto.” Aliketi. “Ametoka kambini bila kibali. Siku mbili njiani, sehemu nyingine kwa miguu, aje tu amwone mwanawe anaolewa. Nilimkataza binti, nilimwambia usimsogelee, mwangalie kwa mbali. Mana yanje, Mungu wangu! Akaenda kumpigia magoti mbele ya ukumbi mzima.”

“Yuko wapi sasa?”

“Amerudi. Lakini wakimwona kwenye hiyo video watauliza ni nani anayepigiwa magoti. Wakijua ni baba, watamfuata kule, watamvusha mpaka. Na kule alikotoka kuna watu wanaomngoja, si kwa wema. Halafu watauliza, kama baba ni mkimbizi, binti ni nini?”

Aliniomba mambo mawili. Kwanza, nimtoe mzee kwenye filamu yote, pasibaki hata bega lake. Pili, nitengeneze diski moja ya pembeni, moja tu, yenye mzee ndani, itakayotafutiwa njia ya kumfikia kambini. Hakuwa na picha nyingine yoyote na mwanawe. Za utotoni ziliungua na nyumba.

Nilikubali yote mawili. Nilimtoa mzee kwa makini ambayo sikuwahi kuitumia kwenye kazi nyingine. Nilipita filamu nzima, picha kwa picha. Nilimkuta nyuma ya mgeni rasmi, nikamkata. Nilimkuta kwenye kioo cha kabati la vinywaji, nikamkata. Pale kwenye keki niliweka maua na wimbo. Nikachoma diski tano kwa mwendo mdogo, nikaijaribu moja kwenye deki, nikabonyeza cheza, nikaitazama mwanzo hadi mwisho. Mzee hakuwemo. Nikazigawa: mbili kwa mama mdogo, moja kwa bwana harusi, moja kwa mwenyekiti wa kamati kama ilivyo desturi, na moja nikabaki nayo studio kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Ile ya pembeni nilisema nitaitengeneza wiki inayofuata, kwa utulivu.

Wiki hiyo ikaja. Nilikuwa nimeweka ile diski ya studio kwenye deki ili mteja aone kazi yangu, lakini kabla sijabonyeza cheza mteja akaanza kunieleza habari za mahari ya dada yake, habari ndefu isiyo na kituo. Diski ikabaki kwenye menyu. Menyu ni ule ukurasa wa kwanza unaotokea kabla filamu haijaanza, na mimi nilijivunia menyu zangu: visanduku sita vidogo, kila kimoja na sehemu yake ya harusi, na baada ya muda kidogo picha zilizomo ndani huanza kutembea. Nilimgeukia mteja, nikageukia televisheni, na ndani ya kisanduku cha nne mzee alikuwa anatafuna keki.

Nilikaribia kioo. Alikuwa mdogo kama stempu, lakini alikuwa yeye: koti, mdomo, machozi, kiganja juu ya shela. Ilikwisha, ikaanza tena. Niliitengeneza menyu kabla mama mdogo hajaja, na kompyuta ilikuwa imeshavipika visanduku vyake na kuvihifadhi pembeni. Filamu niliikata, menyu nikaiacha na picha zake za zamani. Na nilipoijaribu diski, nilikuwa nimebonyeza cheza mapema, kabla visanduku havijaanza kutembea. Hilo ndilo kosa langu lote. Hata mkulima wa mihogo angeliona.

Mteja alikuwa bado anasema habari za mahari. Nilizima televisheni, nikamwambia naumwa, na sikudanganya.

Siku hiyohiyo nilivifuta visanduku vile nikaweka picha ya maua isiyotembea, nikachoma diski mpya. Kisha nikaenda kukusanya za zamani. Uongo niliuokota kwenye kazi yangu mwenyewe: niliwaambia kwamba zinakwama. Ujiji mama mdogo alinipa zake mbili bila swali. Sikumwambia ukweli. Nilitaka, nikafumbua mdomo, nikaona uso wake, nikauliza bei ya migebuka. Bwana harusi alinipa yake akashukuru kwa uaminifu wangu. Nikazivunja hizo tatu pamoja na ile ya studio, vipande nikavitupa chooni. Ikabaki ya mwenyekiti.

Nilikwenda kwake Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alikaa kwenye nyumba za serikali, upande unaoona ziwa. Nilimkuta barazani amevaa kaptula, anafungua pasi ya umeme iliyoharibika. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka si chini ya mitano, na bado nilimpa shikamoo. Aliniangalia kwa mshangao, akaitikia kwa adabu.

“Nimekuja kubadilisha ile DVD ya harusi, mheshimiwa,” nilisema. “Ilikuwa na kasoro. Inakwama.”

“Inakwama?” Mkewe alikuwa ametokea mlangoni, mwanamke mchangamfu aliyekuja naye kutoka kaskazini. “Yetu? Mbona tumeitazama mara tatu? Karibu ndani, mama, tuiweke uone.”

“Hakuna haja, dada yangu. Nipeni tu, hii hapa mpya.”

“Karibu bwana, usisimame mlangoni kama mdai,” alisema mkewe.

Nilikaribia. Ningefanya nini? Mkewe aliingiza diski, menyu ikatokea, akaweka rimoti juu ya meza na kwenda jikoni kuniletea juisi. Mume akaingia na pasi yake mkononi, akaketi kando yangu. Televisheni yao ilikuwa kubwa kuliko yangu mara tatu. Visanduku vikaanza kutembea.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukaa sebuleni kwa watu na kutazama kosa lake likijirudia kila baada ya sekunde kumi na tano. Mzee alifumbua mdomo. Alitafuna. Alilia. Aliweka kiganja. Alifumbua mdomo tena. Rimoti ilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwangu, na mkono haukuwa tayari kwenda. Nilisema moyoni: Mungu, mfanye huyu mtu aangalie pasi yake.

Hakuangalia pasi yake. Alikuwa anaangalia televisheni, ameegemea mbele kidogo.

“Hivi visanduku,” aliuliza, “mnavifanyaje vitembee?”

Nilimweleza. Sauti yangu ilikuwa inatoka kwa mtu mwingine. Nilimweleza kwamba kila sehemu ya filamu inakatiwa kipande kifupi, kompyuta inakipika na kukipunguza, kinawekwa kwenye menyu.

“Kwa hiyo kinachoonekana hapa kimetoka ndani ya filamu.”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Hiki cha nne ni cha keki.”

“Ndiyo.”

“Mimi sikuiona keki. Nilikuwa kwenye jenereta.” Akamtazama mzee akitafuna mzunguko mzima. Juisi ikaja, nikainywa yote kwa pumzi moja, sikumbuki ilikuwa ya nini. Mkewe akachukua rimoti, akabonyeza, filamu ikaanza, na haikukwama hata kidogo.

“Iko sawa kabisa,” alisema mkewe.

“Basi nichukue hii, niwaachie mpya,” nilisema. “Kwa usalama.”

“Iache tu,” mume alisema. Hakuinua sauti. “Acha na hiyo mpya. Nitaangalia ipi ni ipi.”

Nilitembea kwa miguu mpaka Mwanga kwa sababu sikujiamini kupanda chombo cha mtu. Kila neno lake nililigeuza njia nzima. Kwa usalama, nilisema mimi mpumbavu, kwa usalama wa nani? Nitaangalia ipi ni ipi. Angeziweka diski mbili kwenye deki, moja baada ya nyingine, na angeona kilichoondolewa. Kisha angekuja studio, si peke yake, na angetaka kanda.

Ndipo nilipofanya lile jambo. Nilifunga mlango kwa ndani ijapokuwa jua lilikuwa bado juu. Nilifuta kila faili la harusi ile kwenye kompyuta, kisha nikafuta na pipa lenyewe la takataka. Nikatoa kanda mbili za ukumbini. Kanda hizo hazifutiki kwa kubonyeza tu. Sharti urekodi kitu kingine juu yake. Nikafunika lenzi ya kamera kwa kifuniko chake, nikabonyeza kurekodi, nikaketi. Saa nzima kamera ilirekodi giza juu ya kanda ya kwanza, na saa nzima nyingine juu ya ya pili. Ningeweza kuifukia kanda kwenye mchanga wa ziwa. Ningeweza kumpelekea dada yangu Mwamgongo kwa mtumbwi wa kwanza, huko ambako hakuna afisa anayefika bila kutapika njiani. Sikuwaza hayo. Mwoga hawazi, hukimbia tu.

Afisa hakuja. Hakuja wiki hiyo wala mwezi huo. Kila gari lililopunguza mwendo nje ya duka la vitenge nililichungulia mlangoni, na halikuwa lake. Mama mdogo ndiye aliyekuja.

“Ile ya pembeni, dada?”

“Kompyuta inasumbua. Nipe wiki mbili.”

Fundi hakosi sababu. Mara kompyuta, mara umeme, mara diski zimechelewa kwenye treni kutoka Dar es Salaam. Mama mdogo alikuwa na subira kuliko mimi. Mara moja alinieleza kwamba mzee ametuma salamu kwa mtu aliyetoka kambini, anauliza kama picha yake imeiva. Neno hilo, imeiva, lilinichoma. Nilijibu bado kidogo.

Kisha asubuhi moja alikuja binti mwenyewe. Sikuwa nimemwona tangu harusi. Alikuwa amejifunga kanga mbili nyeusi, na tumbo limeanza kuonekana. Hakuketi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini?”

“Baba amefariki. Kifua. Wamemzika juzi hukohuko kambini, habari imetufikia jana.” Alisema bila kulia, nadhani alikuwa amelia usiku kucha. “Nimekuja kuchukua ile DVD. Najua mashine inasumbua. Hata kama haijakamilika, mama. Hata kama haina sauti. Nataka kumwona anakula keki.”

Nimewahi kuogopa polisi, radi, ziwa likichafuka na mimi ndani ya boti. Sijawahi kuogopa kama nilivyomwogopa msichana yule mwenye kanga nyeusi. Nilimwambia. Nilimwambia yote, menyu, sebule, juisi, kifuniko cha lenzi. Nilimwambia hakuna aliyenilazimisha, ni hofu yangu tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja.

“Ulirekodi giza?”

“Ndiyo.”

Alishika ukingo wa meza. Sikujua la kufanya, nikamletea kiti, nikamletea maji, hakuvitaka. Na nilipokuwa nimesimama pale na bilauri mkononi, ndipo nilipokumbuka kwamba mzee hakufutika pote. Nilikuwa nimemwacha mahali pamoja, mahali palepale nilipomkimbia.

“Nisubiri hapa,” nilimwambia. “Usiondoke.”

Nilipanda teksi. Nilijiambia kwamba sasa mzee hakamatiki tena, lakini binti je? Ningemwambia nini yule mtu, kwa nini naitaka diski ambayo nilisema ni mbovu na yeye akaona ni nzima? Sikupata jibu. Nilifika bila jibu, nikabisha hodi bila jibu.

Barazani palikuwa na masanduku ya mbao na magodoro yaliyofungwa kamba. Walikuwa wamehamishwa, walikuwa wanangoja siku ya treni. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua.

“Mheshimiwa,” nilisema, “nimekuja kuomba ile DVD. Ile ya zamani.”

“Yenye kasoro.”

“Ndiyo. Yenye kasoro.”

Kisha akaingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa, vitu vikisogezwa. Nilifikiri: anatafuta pingu, ingawa najua pingu hazifungwi na vyombo. Akarudi na diski ndani ya bahasha ya kaki, imefungwa vizuri, haikuwa imechanganywa na nyingine.

“Tangu siku ile hatukuitazama,” alisema. “Niliiweka tu.”

“Asante, mheshimiwa.”

Nilikuwa nimeshashuka ngazi aliponiita. Nikageuka.

“Nifikishie pole kwa bibi harusi,” alisema, akafunga mlango.

Sikuwa nimemwambia kwamba kuna msiba, wala mzee ni nani kwa binti. Nilikaa ndani ya teksi na bahasha mapajani, nikahesabu miezi yote niliyoruka kwa kila gari lililopita, na nikalia kwa hasira. Hasira ya nani, sijui. Labda ya mama yangu na methali yake.

Binti alikuwa palepale. Niliwasha televisheni, nikaingiza diski, nikamwambia ukweli kuhusu kilichomo: si filamu, ni kisanduku kimoja kati ya sita, sekunde kumi na tano. Baadaye, siku nyingine, nilijaribu kukikuza, lakini kila nilipokikuza uso wa mzee ulipasuka vipande vipande vya mraba, keki ikawa tope. Kinaonekana vizuri kikiwa kidogo tu. Kwa hiyo nikamchomea nakala ya diski ileile kama ilivyo, na kosa langu ndani yake.

Lakini asubuhi ile hatukujua hayo. Menyu ikatokea, visanduku vikaanza kutembea. Televisheni yangu ilikuwa ndogo na ilikaa juu ya kigoda, chini, na binti kutoka pale aliposimama hakuweza kuona vizuri. Akasogea. Akainama, bado hakuona. Akakusanya kanga zake, akapiga magoti sakafuni, uso wake karibu kabisa na kioo. Mzee akafumbua mdomo, akatafuna, akameza, akanyoosha kiganja.

Ilijirudia mara nyingi. Nilishika rimoti kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi, na kwa sababu ya mazoea ya kazi nikamuuliza kama nibonyeze cheza.

“Hapana, mama, usibonyeze,” alisema bila kugeuka. “Ukibonyeza anaondoka.”